Miaka 19 ya Dutch Hamann: urithi wa meneja wa jiji ukisomwa kutoka Arusha

Kila mkeka wa uteuzi unapotoka Ikulu, watu wa Arusha huupitia haraka wakitafuta mstari mmoja: je, Mkurugenzi wa Jiji amebaki, amehamishwa, au uteuzi wake umetenguliwa na atapangiwa kazi nyingine? Wenye maduka ya Soko Kuu huuliza, mafundi wa Unga Limited huuliza, na madiwani huuliza kwa hamu kuliko wote, kwa sababu wao ndio watakaokaa naye meza moja ingawa hawakushirikishwa kumchagua. Hamu hiyo ina msingi, maana sahihi ya mkurugenzi hupita karibu katika kila shilingi ambayo halmashauri inatumia. Hata hivyo ni wachache wanaoweza kueleza bila kuchanganya mambo kwamba ofisi hiyo ina uwezo gani hasa, inawajibika kwa nani, na kwamba mwenye ofisi akishaondoka, ni kitu gani katika mji kinachoweza kuhesabiwa kuwa chake.

Nitalifafanua jambo hili kwa kupitia maisha ya mtu ambaye hakuwa na uhusiano wowote na mji wetu. Jina lake ni Anthony P. Hamann, ambaye wengi walimwita Dutch, na kwa miaka 19, kuanzia 1950 hadi 1969, alikuwa meneja wa jiji la San José katika jimbo la California, Marekani. Nimemchagua yeye kwa sababu mbili. Miaka 19 ni muda unaotosha kuona uamuzi ukizaliwa, ukitekelezwa na hatimaye ukidai gharama zake, jambo ambalo kwa wakurugenzi wetu ni nadra sana kulishuhudia. Pili, urithi wake ni mzito na una pande nyingi: hakuna anayeweza kuieleza San José ya leo bila kumtaja, na hakuna anayemtaja bila kugusa mambo ambayo warithi wake walihangaika nayo kwa miongo kadhaa.

Kwanza cheo chenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 miji mingi ya Marekani ilikuwa mikononi mwa vigogo wa kisiasa waliogawa ajira na zabuni kwa wafuasi wao. Wanamageuzi wa zama zile wakasema kwamba kupeleka maji na kuzoa taka ni kazi ya utaalamu, na kwamba mtaalamu huyo asiwe mtu anayetafuta kura. Mwaka 1908 mji wa Staunton, Virginia, ukaajiri msimamizi wa aina hiyo. Machi 1913 mafuriko makubwa yaliikumba Dayton, Ohio, yakaua watu zaidi ya 300 katika eneo lile, na msiba huo ukawapa nguvu waliotaka mji wao uongozwe kitaalamu. Januari 1914 mhandisi Henry Waite akaanza kazi huko kama meneja. Kuanzia hapo mfumo ukaenea kwa kasi. Kanuni yake ni nyepesi kueleza: wananchi huchagua baraza, baraza huajiri meneja, meneja huwasimamia wakuu wa idara, na siku baraza likikosa imani naye humwondoa kwa kura. San José iliuingiza mfumo huo katika katiba yake ya mji ya 1916, na meneja wake wa kwanza alikuwa Thomas Reed, profesa wa Chuo Kikuu cha California.

Hamann hakupanda ngazi kupitia utumishi wa serikali za mitaa. Alikuwa mtu wa biashara, aliyewahi kusimamia shughuli za kibiashara za Chuo Kikuu cha Santa Clara, mchangamfu na mwepesi wa kuzoeana na watu. Alipoingia ofisini mwaka 1950 alikabidhiwa mji wa watu 95,280 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 44, uliozungukwa na mashamba ya miti ya plamu na aprikoti na kuishi kwa viwanda vya kusindika matunda hayo. Alipoondoka mwaka 1969 eneo la mji lilikuwa limefikia kilomita za mraba zipatazo 350, na sensa ya mwaka uliofuata ikahesabu watu zaidi ya 440,000. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna maamuzi 1,389 ya kuunganisha maeneo ya jirani na mji. Ukiyagawa kwa miaka 19, unapata kama sita kila mwezi, mwaka baada ya mwaka.

Iliwezekanaje? Hapa ndipo maisha ya mtu mmoja yanapofunua namna mji unavyofanya kazi, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo. Hamann alikuwa na nyenzo tatu. Ya kwanza ni sheria ya California ya wakati huo, iliyosema kwamba eneo lenye wapiga kura walioandikishwa chini ya 12 lihesabiwe kuwa halina wakazi, na kwamba kuliunganisha na mji hakuhitaji kura ya wananchi bali ridhaa ya wenye ardhi. Shamba la matunda la ekari nyingi lingeweza kuwa na familia moja au mbili tu. Mwenye shamba aliyetaka kuwauzia wajenzi wa nyumba alikuwa na kila sababu ya kukubali, na maofisa wa jiji walifuata barabara kwa vipande vyembamba vya ardhi mpaka wakalifikia shamba lililokusudiwa. Waliochukizwa na kasi hiyo walikifananisha kikosi chake na vifaru vya jeshi.

Nyenzo ya pili ilikuwa chini ya ardhi, nami naiona kuwa ndiyo kuu: majitaka. Viwanda vya matunda vilitoa maji machafu mengi kila msimu wa mavuno, na mitaa mipya ya makazi haikuweza kusimama bila mabomba ya kuondoa uchafu. Jiji likajenga mtambo wa kusafisha majitaka, ulioanza kazi mwaka 1956 kwenye ukingo wa kusini wa ghuba ya San Francisco, na kuanzia hapo aliyetaka kuunganishwa na bomba alipaswa kwanza kukubali kuwa ndani ya mipaka ya San José. Bomba likawa hoja yenye nguvu kuliko hotuba yoyote. Mjenzi mwenye ramani ya nyumba mia tatu hakuhitaji kushawishiwa. Alihitaji pa kumwaga maji ya choo na bafu, na aliyekuwa na jibu ni ofisi ya Hamann.

Nyenzo ya tatu ilikuwa uthabiti wa kisiasa. Baraza lilimuunga mkono, wafanyabiashara wakubwa walimuunga mkono, na Joseph Ridder, mchapishaji wa gazeti kuu la mji, aliamini kama yeye kwamba mji usiokua utazingirwa na majirani na kukosa wigo wa kodi. Wapiga kura nao walikubali mara kwa mara jiji likope kwa kuuza hati fungani ili kugharimia barabara na mitaro. Kampuni ya IBM ilikuwapo San José tangu miaka ya 1940 na ikapanuka. Mwaka 1956 maabara yake ya huko ilitoa mashine ya kwanza ya kompyuta kutumia diski sumaku kuhifadhi taarifa. Mtu anayeitaja Silicon Valley leo anazungumzia bonde ambalo sehemu kubwa ya upande wake wa kusini ilipewa barabara, mabomba na mitaa ya makazi katika miaka hiyo.

Hata hivyo vijiji na miji midogo ya jirani haikungoja kumezwa. Campbell ilijitangaza kuwa mji mwaka 1952, Milpitas 1954, Cupertino 1955, Saratoga 1956, na nyingine zikafuata, nyingi zikiwa na lengo moja la wazi la kujikinga. Ramani iliyobaki ina kingo zilizochanika na visiwa vya ardhi ya kaunti vilivyosahaulika ndani ya jiji, kiasi kwamba hata miongo mingi baadaye majirani wawili wa mtaa mmoja wangeweza kutegemea serikali mbili tofauti kwa polisi na kwa ukarabati wa barabara. Alviso, bandari ndogo ya zamani kando ya ghuba, iliunganishwa mwaka 1968 baada ya mvutano mkali. Ardhi yake ilikuwa imedidimia kwa sababu ya maji mengi kuvutwa kutoka visimani bondeni, kwa hiyo wakazi wake waliishi wakiogopa mafuriko, na wengi wao walihisi kwamba mji uliutaka ukingo wa ghuba kuliko ulivyowataka wao.

Turudi kwenye zile tarakimu, kwa sababu zina jambo ambalo sifa za maendeleo hulificha. Eneo liliongezeka karibu mara nane, watu wakaongezeka chini ya mara tano. Mwaka 1950 kilomita moja ya mraba ilibeba watu wapatao 2,200. Mwaka 1970 ilibeba wapatao 1,300. Maana yake kwa mhasibu wa jiji ni kwamba kila mkazi sasa alihitaji mita nyingi zaidi za bomba, za lami na za waya wa taa, gari la zimamoto lilisafiri mbali zaidi kumfikia, na kodi aliyolipa ilipaswa kutunza vyote hivyo daima. Ujenzi hugharimiwa mara moja. Matunzo hayana mwisho, na hayana sherehe ya kukata utepe.

Upande wa mashariki wa mji, katika mtaa ulioitwa Sal Si Puedes, familia za wafanyakazi wa mashambani wenye asili ya Meksiko ziliishi kwenye barabara za matope huku mitaa mipya ikiwekewa lami. Hapo ndipo kijana César Chávez alipoanza kazi ya kuwaunganisha wananchi mwaka 1952, kabla hajajulikana taifa zima kama kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba. Sababu ya mtaa huo kubaki nyuma haikuwa ubahili wa mtu mmoja tu. Madiwani wa San José wakati huo walichaguliwa na mji mzima, bila kata. Mtaa maskini ungeweza kupiga kura kwa umoja na bado usiwe na mtu barazani anayejua matope yake. Baraza hilo lilikuwa na uwezo kamili wa kumwondoa meneja siku yoyote, lakini halikuwa na macho kila mahali.

Upepo ulipoanza kugeuka Hamann alistaafu. Mwaka 1971 Norman Mineta akachaguliwa kuwa meya, na mwaka 1974 Janet Gray Hayes akashinda kiti hicho kwa kuahidi kuuboresha mji kabla ya kuukuza zaidi. Mwaka 1978 wapiga kura wakaamua madiwani wachaguliwe kwa maeneo. Hamann mwenyewe hakuishi kuuona uamuzi huo: yeye na mkewe walikuwa miongoni mwa watu 583 waliofariki tarehe 27 Machi 1977 katika ajali ya ndege mbili zilizogongana uwanjani Tenerife, ajali mbaya kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga.

Sasa tuje nyumbani. Ofisi ya Mkurugenzi wa Jiji la Arusha inafanana na ile ya San José kwa sura, lakini imetokea katika historia nyingine kabisa. Mwaka 1972 serikali ilianzisha utaratibu wa Madaraka Mikoani, halmashauri zikafutwa, na kazi zake zikawekwa chini ya maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Matokeo yake mijini yalikuwa mabaya: mitaro iliziba, taka zilirundikana, na mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Sheria mbili za mwaka 1982, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, ndizo zilizojenga mfumo tulio nao, na Ibara za 145 na 146 za Katiba zinatambua serikali za mitaa kuwa chombo cha kuwapa wananchi madaraka. Kwa hiyo halmashauri zetu zilizaliwa upya kutoka mkononi mwa serikali kuu, na mkono huo haujawahi kuachia kabisa.

Dalili iliyo wazi zaidi ni uteuzi. Arusha wananchi huchagua diwani katika kila kata, madiwani huchagua meya miongoni mwao, lakini mkurugenzi huteuliwa na Rais. Julai 2016 Rais John Magufuli aliteua wakurugenzi 185 kwa mkupuo, wengi wao wakiwa wageni katika nafasi hizo. Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan naye alitoa orodha ndefu ya aina hiyo hiyo. Jambo hili lilifika hata mahakamani kwa sababu wakurugenzi wakati huo walisimamia pia uchaguzi katika maeneo yao: Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema haistahili wafanye kazi hiyo, na Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Sina nia ya kulirudia shauri lile hapa. Linatosha kuonyesha kwamba mtu yule yule aliye katibu wa baraza la wananchi ni mteule wa mamlaka iliyo juu ya baraza hilo, na kwamba anapopima maagizo mawili yanayopingana anajua lipi linaweza kumwondoa.

Ukihudhuria kikao cha Baraza la Madiwani, ambacho ni cha wazi na hufanyika kila robo ya mwaka, utauona mpangilio huu kwa macho. Meya amekaa mbele na joho lake, kando yake yupo mkurugenzi kama katibu, na kila diwani ana kabrasha nene alilolipokea siku chache zilizopita. Diwani anasimama: Mheshimiwa Mwenyekiti, mtaro wa mtaa wangu niliusemea robo iliyopita, na robo ya kabla ya hapo. Meya anamgeukia mkurugenzi, mkurugenzi anamgeukia mkuu wa idara, na jibu linalokuja mara nyingi ni kwamba mtaro huo uko kando ya barabara iliyo chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, hivyo maelezo yatatolewa na meneja wa TARURA. Diwani anakaa. Hakudanganywa, na hakusaidiwa.

Jibu hilo ni la kweli kwa sababu nyenzo ambazo Hamann alikuwa nazo mkononi, kwetu zimegawanywa. Barabara za mijini na vijijini zilihamishiwa TARURA mwaka 2017. Maji na majitaka ni kazi ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha, yaani AUWSA, iliyo chini ya Wizara ya Maji. Mradi wake mkubwa wa shilingi bilioni 520, uliogharimiwa zaidi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ndio uliojenga mabwawa mapya ya kusafisha majitaka huko Terrat, na mkurugenzi wa jiji hakuwa ndiye mwenye mradi. Kodi ya majengo ilipelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na Agosti 2021 ikaanza kukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kupanua mipaka ya halmashauri ni mchakato unaoanzia vikaoni mpaka mkoani na kumalizikia kwa Waziri na Rais. Hakuna mkurugenzi wa Arusha au Moshi anayeweza kumwambia mjenzi aingie ndani ya mji ndipo apewe bomba, kwa kuwa bomba si lake na mpaka si wake.

Kinachobaki kwake si kidogo. Yeye ndiye afisa masuhuli, anayejibu kwa kila matumizi. Anakusanya ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo ya biashara, leseni, ushuru wa masoko na ada za maegesho ya stendi. Mama anayepanga nyanya soko la Kilombero akipewa risiti kutoka mashine ya POS, fedha hiyo inaingia kwenye mapato ya ndani ambayo mkurugenzi ndiye mwenye wajibu wa kuyalinda. Anasimamia shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati, vituo vya afya, usafi wa mitaa, vibali vya ujenzi na mipango miji. Sheria inamtaka atenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Na kila mwaka lazima ajibu hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikiwamo hoja za miaka ya nyuma zilizoachwa na waliomtangulia. Mkurugenzi aliyeripoti Machi hujikuta akieleza malipo ambayo hakuyaidhinisha, kwa mradi ambao hakuuona ukianza, huku aliyeuanzisha akiwa halmashauri nyingine anajibu hoja za mtu mwingine.

Hapo ndipo nadhani tofauti kubwa ya Arusha na San José ya Hamann inapokaa, nayo haiishii kwenye urefu wa muda. San José ilikuwa na baraza lenye nguvu ya kumwajibisha meneja, lakini baraza lile halikuwakilisha kila mtaa. Arusha ina diwani kwa kila kata, kutoka Kaloleni hadi Muriet, na chini yake kuna wenyeviti wa mitaa wanaojua mfereji uliopasuka ni wa nyumba ipi. Lakini baraza hilo haliwezi kumwondoa mkurugenzi, linaweza tu kulalamika kwa mamlaka ya uteuzi. Kwao kulikuwa na nguvu bila macho, kwetu kuna macho bila nguvu. Wanaosema kwamba dawa yetu ni kumwacha mkurugenzi akae muda mrefu wanasahau kwamba Hamann alikaa muda mrefu sana, na bado deni la mabomba yake likawaangukia wengine, kwa kuwa wenye uwezo wa kumuuliza hawakuwa wanaishi Sal Si Puedes wala Alviso.

Pamoja na hayo, nasimama na wanaosema mihula mifupi inatugharimu. Mji wetu unakua kwa kasi inayodai kumbukumbu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Ni ongezeko la karibu nusu katika miaka kumi, bila kuhesabu wanaolala Ngaramtoni, Kisongo na Usa River na kushuka mjini kila asubuhi kwa daladala, ambao wako katika halmashauri nyingine. San José ilitandaza bomba mapema na nyumba zikafuata. Kwetu Muriet, Olasiti na Moshono watu wengi wamejenga kwanza, na njia ya gari la taka, eneo la shule na mkondo wa maji ya mvua vinatafutwa baadaye katikati ya kuta za watu. Kulirekebisha hilo, kiwanja kwa kiwanja, ni kazi ya miaka mingi kuliko anayokaa mteule yeyote, na kila anapokuja mgeni, mazungumzo na wenye viwanja huanza tena.

Moshi inatoa mfano mwingine wa jambo lile lile. Manispaa yenye kilomita za mraba 59 tu ilikuwa na watu 221,733 katika sensa ya 2022, na mabwawa ya majitaka yanayouhudumia mji yako Mabogini, nje ya manispaa. Usafi ambao Moshi imesifiwa nao kitaifa mara kadhaa haukuletwa na mkurugenzi mmoja. Umelindwa na sheria ndogo za kutupa taka ambazo kila uongozi uliofuata uliendelea kuzisimamia, pamoja na wakazi ambao wamezoea kumkemea anayedondosha ganda la ndizi stendi. Hii ni sehemu ya urithi wa utawala wa mji ambayo ni vigumu kuibandika jina la mtu, na kwa maoni yangu ndiyo imara zaidi.

L. P. Cookingham aliliona hilo. Alikuwa meneja wa Kansas City, Missouri, kuanzia 1940 hadi 1959, naye akakaa miaka 19 kama Hamann. Alifika mwaka mmoja baada ya kigogo Tom Pendergast kufungwa kwa kukwepa kodi, akakuta orodha ya mishahara iliyojaa wafuasi wa siasa, akaisafisha. Naye pia aliupanua mji. Lakini anachokumbukwa zaidi na watu wa fani yake ni vijana wahitimu aliowachukua ofisini kwake kila mwaka kujifunza kazi, ambao wengi walikwenda kuwa mameneja wa miji mingine. Mwenye ofisi anapojua kwamba kumbukumbu yake itabaki katika watu, anaacha taratibu zinazoweza kuendeshwa na mwingine.

Arusha ina watu wa aina hiyo tayari, ingawa hawatajwi kwenye mkeka: maofisa mipango miji, wapima ardhi, watendaji wa kata na mitaa waliokaa wakiona wakurugenzi wakipita. Ina pia hati moja yenye umri mrefu kuliko uteuzi wowote, nayo ni mpango kabambe wa jiji unaofika mwaka 2035, uliotayarishwa na kampuni ya Surbana ya Singapore, ambao haukuishia kwenye mpaka wa jiji bali uliingia pia katika maeneo ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na ya Meru, kwa kuwa mji halisi umeshavuka mpaka huo. Mpango huo unaonyesha wapi pawe makazi, wapi pawe biashara, wapi pasijengwe kwa sababu ni ukingo wa mto, na barabara kuu zipite wapi. Mkurugenzi anayekaa miaka miwili anaweza kuhukumiwa kwa haki akipimwa na hati hiyo: ametoa vibali vingapi vinavyokwenda nayo, na vingapi vinavyoivunja; ameacha maeneo ya wazi mangapi yakiwa wazi kama alivyoyakuta. Hayo yote yamo katika kumbukumbu za Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na diwani yeyote ana haki ya kuyaombea maelezo katika kikao cha robo ijayo, awe mkurugenzi ni yule yule au ni mwingine.